Ustaafu lini? Jinsi ya kuusoma umri wa kustaafu na kuchagua tarehe yako

Muulize mtu umri wa kustaafu katika nchi yake, naye atakutajia namba moja bila kusita: 60, 65, 67. Mara nyingi namba hiyo ni sahihi, na bado haimsaidii kupanga chochote, kwa sababu ndani yake kuna mambo matatu ambayo sheria huyatenganisha. Watu huyachanganya mpaka siku barua ya mwisho inapowafikia mezani. Tutaanza kwa kuyatenganisha, tupige hesabu, halafu tufike kwenye swali ambalo sheria hailijibu: wewe binafsi unaacha kazi lini?

Chukua kalamu na karatasi. Hatua nne za kwanza ni za kuandika.

Hatua ya 1: Andika namba tatu

Namba ya kwanza ni umri ambao mwajiri anaruhusiwa kukutoa kazini kwa sababu ya umri peke yake. Kenya, mtumishi wa umma hustaafu akifika 60 (ilikuwa 55 hadi mwaka 2009), na mwenye ulemavu huendelea hadi 65. Tanzania ni 60 kwa lazima na 55 kwa hiari. Uingereza iliufuta umri wa lazima mwaka 2011, na Marekani iliuondoa kwa kazi nyingi tangu 1986, ingawa rubani wa ndege za mashirika ya abiria bado anatua kwa mara ya mwisho akiwa na miaka 65. Afrika Kusini haina sheria moja ya umri wa lazima kwa waajiriwa wote, kwa hiyo linalotawala ni lililoandikwa kwenye mkataba au lililozoeleka pale kazini. Ndiyo maana kusoma gazeti hakutoshi. Soma na mkataba wako.

Namba ya pili ni umri wa mapema kabisa ambao unaweza kuanza kuchukua malipo ya uzeeni, hata kama yamekatwa. Ya tatu ni umri wa kupata malipo kamili.

Sasa ziweke kando kwa kando. Mmarekani aliyezaliwa 1960 au baadaye ana: hakuna, 62, 67. Mjapani ana: 60, 60, 65. Namba za Japani ndizo zinazofundisha zaidi. Kampuni nyingi humaliza ajira ya kudumu mtu akitimiza 60, ilhali pensheni kamili inasubiri 65. Serikali imewabana waajiri wampe kazi hadi 65 yeyote anayetaka kuendelea, lakini mara nyingi hurudishwa kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja na mshahara uliopungua. Mtu aliyekuwa mkuu wa idara anajikuta anapokea maagizo kutoka kwa kijana aliyemfundisha kazi.

Tofauti kati ya namba ya kwanza na ya tatu ndiyo pengo lako. Liandike kwa miaka na miezi. Kila utakachosoma hapa chini kinahusu namna ya kulijaza.

Hatua ya 2: Tafuta mwaka wako wa kuzaliwa kwenye jedwali la nchi yako

Umri wa kustaafu siku hizi hausimami. Nchi nyingi huupandisha kidogo kidogo, na kinachoamua upo ngazi gani ni mwaka uliozaliwa. Kaka yako aliyekutangulia miaka mitatu anaweza kuwa na namba tofauti na yako, kwa hiyo ushauri wake, hata akiutoa kwa nia njema, huenda umepitwa na wakati.

Ujerumani inapanda kutoka 65 hadi 67, na aliyezaliwa 1964 au baadaye anakuta 67. Uingereza ilifika 66 mwaka 2020 na inasogea kwenda 67 kati ya 2026 na 2028. Australia ilifika 67 Julai 2023. Urusi, kwa sheria ya 2018, inawapeleka wanaume kutoka 60 hadi 65 na wanawake kutoka 55 hadi 60. China ilikaa miongo mingi bila kugusa chochote, kisha Januari 2025 ikaanza safari ya miaka 15: wanaume kutoka 60 hadi 63, wanawake wa kazi za ofisini kutoka 55 hadi 58, na wanawake wa kazi za mikono kutoka 50 hadi 55. Denmark imefunga umri wake kwenye urefu wa maisha ya watu wake, na Mei 2025 bunge lilipitisha 70 kuanzia mwaka 2040, kwa waliozaliwa baada ya 1970.

Sababu ni hesabu ya kawaida. Katika mifumo mingi, anayefanya kazi leo ndiye anayemlipa aliyestaafu leo. Michango yako haijakaa kwenye sanduku lenye jina lako. Watoto wakizaliwa wachache na wazee wakiishi zaidi, mabega yanapungua na mzigo unaongezeka. Ujerumani ilipoanzisha pensheni ya uzee mwaka 1889, chini ya Bismarck, mkuu wa serikali wa wakati huo, umri ulikuwa 70, na watu wengi hawakuufikia. Ukashushwa hadi 65 mwaka 1916. Kwa hiyo anayesema 65 ni umri wa asili, uliokuwepo tangu zamani, anasimulia ngano.

Upepo hugeuka pia. Ufaransa ilipitisha 2023 kupanda kutoka 62 hadi 64, barabara zikajaa waandamanaji, na mwishoni mwa 2025 bunge likasimamisha mpango huo kwa muda. Uturuki, mwaka 2023, iliondoa kabisa sharti la umri kwa walioanza kuchangia kabla ya Septemba 1999 na kutimiza masharti mengine. Ushauri wangu: panga kwa sheria iliyopo leo, kisha ongeza miaka miwili kwenye umri wa malipo kamili uone kama mpango bado unasimama. Ukianguka kwa miaka miwili tu, ulikuwa umeegemea ukuta mbichi.

Hatua ya 3: Hesabu miezi uliyochangia

Hapa ndipo watu wengi huumia, na ni eneo ambalo halina habari za kusisimua, kwa hiyo halizungumzwi.

Umri hukufungulia mlango, ila miezi ya michango ndiyo huamua utapewa nini ukiingia. Uingereza hutaka miaka 10 ya michango ili upate chochote katika pensheni mpya ya taifa, na kwa kawaida 35 ili upate yote. Marekani hutaka takribani miaka 10 ya kazi iliyochangiwa. Tanzania, sharti la kulipwa pensheni ya kila mwezi ni miezi 180, yaani miaka 15. China inataka miaka 15, na kuanzia 2030 sharti hilo litaanza kupanda taratibu kuelekea 20. Nigeria imeweka kamba mbili kwa watumishi wa umma, umri wa 60 au miaka 35 ya utumishi, inayotangulia ndiyo inayokutoa. Aliyeajiriwa akiwa na 20 anatoka akiwa na 55, awe na nguvu za simba au asiwe nazo.

Omba taarifa ya michango yako kutoka kwenye mfuko wako wa pensheni. Usiridhike na jumla iliyoandikwa chini. Ipitie mwezi kwa mwezi ukiwa na hati za mishahara mkononi, ukitafuta makosa haya:

- Miezi mitupu. Mshahara ulikatwa, lakini mwajiri hakupeleka. Hati yako ya mshahara inayoonyesha makato ndiyo ushahidi wako mkubwa, na ndiyo maana haitupwi.
- Jina au tarehe ya kuzaliwa isiyolingana na kitambulisho. Herufi moja iliyozidi inaweza kuligawa faili lako kuwa mawili.
- Namba mbili za uanachama, hasa kwa waliobadilisha waajiri.
- Mshahara uliosajiliwa chini kuliko uliopokea.

Fanya kazi hii ukiwa na miaka 50, au mapema zaidi. Mwajiri aliyefunga biashara miaka 18 iliyopita hapatikani kwa simu, na mhasibu aliyekuwa akijua kila kitu keshahama. Nilishamsindikiza ndugu kwenye ofisi akifuatilia miezi 14 iliyopotea. Iliyomwokoa ilikuwa bahasha ya hati za mishahara ambayo mkewe alikataa kuichoma wakati wa kuhama nyumba.

Kama umefanya kazi nchi zaidi ya moja, uliza kama nchi hizo zina mkataba wa hifadhi ya jamii. Ndani ya Umoja wa Ulaya vipindi vya nchi mbalimbali hujumlishwa ili kutimiza sharti la chini, kisha kila nchi inalipa sehemu yake kwa umri wake yenyewe. Unaweza ukaanza kulipwa na nchi moja huku ukiisubiri nyingine. Pasipo mkataba, miaka yako minane huko ughaibuni inaweza isihesabiwe popote.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya kuwahi na kuchelewa

Kuchukua mapema ni kupata kidogo kwa miaka mingi. Kusubiri ni kupata zaidi kwa miaka michache. Swali ni lini anayesubiri anamfikia aliyewahi.

Tuchukue Marekani, maana namba zake ziko wazi. Malipo kamili tuyaite 100 kwa mwezi, ukiwa na 67. Ukianza na 62 unapata 70. Ukisubiri hadi 70 unapata 124. Aliyeanza na 62, siku mwenzake anapofikisha 67, ameshapokea 70 mara miezi 60, yaani 4,200. Kuanzia hapo mwenzake anamzidi kwa 30 kila mwezi. Gawanya 4,200 kwa 30, unapata miezi 140. Wanalingana wakiwa na miaka 78 na miezi minane. Anayevuka hapo, kusubiri kumemlipa. Kutoka 67 hadi 70, anayesubiri anaacha 3,600 na anaongezewa 24 kwa mwezi, hivyo miezi 150, na wanalingana wakiwa na miaka 82 na nusu.

Japani nayo inakata asilimia 0.4 kwa kila mwezi unaowahi kabla ya 65 na kuongeza asilimia 0.7 kwa kila mwezi unaosubiri, hadi 75. Ukisubiri mpaka 70 unapata 142 badala ya 100, na mlingano unaangukia karibu na miaka 82.

Uingereza ni hadithi nyingine. Kila wiki tisa unazochelewa unaongezewa asilimia 1, yaani chini kidogo ya 5.8 kwa mwaka. Ukiacha mwaka mzima wa malipo ili upate 5.8 zaidi kila mwaka, unahitaji miaka 17 na zaidi kuurudisha. Anayechelewa kutoka 66 hadi 67 anarudisha chake akiwa na 84 hivi. Kwa hiyo msemo kwamba kusubiri kunalipa siku zote si kweli. Kunategemea kiwango cha nyongeza, na kiwango hicho unakipata kwenye sheria ya nchi yako. Kanuni ya kugawa ni ileile: ulichokiacha, gawanya kwa nyongeza ya kila mwezi.

Mambo mawili kabla hujaamua kwa hesabu hii. Watu husikia kwamba wastani wa maisha katika nchi yao ni miaka 65, wakadhani wakifika 60 wamebakiwa na mitano. Wastani ule unaanza tangu kuzaliwa na umewahesabu waliofariki wachanga. Aliyefika 60 ameshazivuka hatari nyingi. Kwa wastani wa dunia ana zaidi ya miaka 20 mbele yake. Panga fedha za kufika 90, hata kama ukoo wako hauna historia hiyo.

Jambo la pili ni mwenza. Katika mifumo kadhaa, Marekani ikiwemo, anayebaki hurithi kiwango cha malipo cha aliyetangulia. Mwenye mshahara mkubwa akisubiri, nyongeza ile inaweza kumlinda mjane au mgane kwa miaka mingi baada yake. Anayepiga hesabu ya maisha yake peke yake anaacha nusu ya karatasi wazi.

Hatua ya 5: Ujaribu ustaafu kabla haujafika

Kadiria pensheni yako ya mwezi kwa kanuni halisi ya mfuko wako, kisha ishi kwa kiasi hicho kwa miezi sita ukiwa bado kazini. Kinachobaki weka akiba. Mwezi wa kwanza utajiona shujaa. Wa tatu utakuonyesha gharama ulizozisahau: ada za wanaokutegemea, matengenezo, michango ya misiba na harusi, na simu za ndugu ambazo hazipungui kwa kuwa umestaafu. Aghalabu huongezeka, maana habari za kiinua mgongo hutembea haraka.

Kama kiasi hakitoshi, una njia tatu tu: kuongeza miaka ya kazi, kupunguza matumizi, au kuwa na akiba ya pembeni. Kwa akiba ya pembeni, mshauri wa fedha wa Marekani William Bengen alichapisha mwaka 1994 uchambuzi uliozaa kanuni ya asilimia 4: mwaka wa kwanza chota asilimia 4 ya akiba, kisha kila mwaka ongeza kulingana na mfumuko wa bei, na akiba itadumu miaka 30. Kwa maneno mengine, unahitaji mara 25 ya fedha zitakazokupungukia kwa mwaka. Mimi huitumia kama kipimo cha haraka tu. Ilitokana na historia ya masoko ya Marekani. Palipo na mfumuko mkubwa wa bei na masoko madogo, ni salama zaidi kuchota chini ya hapo.

Kuhusu mfumuko wenyewe, gawanya 72 kwa kiwango chake. Bei zikipanda asilimia 6 kwa mwaka, zitaongezeka maradufu ndani ya miaka 12. Uliza mfuko wako kama pensheni hupandishwa kufuata bei, na ilipandishwa lini mara ya mwisho. Pensheni isiyopandishwa inakunywea mkononi.

Madeni yaishe kabla ya mshahara. Na bima ya afya isiwe na siku hata moja ya kukatika: Mmarekani anayeacha kazi na 62 hana budi kujitafutia bima mpaka afike 65, umri ambao bima ya serikali kwa wazee huanza, na gharama hiyo imewarudisha kazini watu waliokuwa wameshaagwa kwa keki.

Hatua ya 6: Uangalie mkupuo kwa jicho kali

Sehemu ya mafao hulipwa kwa mkupuo, yaani yote kwa mara moja, na nyingine kila mwezi. Mkupuo ukiwa mkubwa, pensheni ya mwezi inapungua. Tanzania, kikokotoo (kanuni ya kukokotoa mafao) kilichoanza Julai 2022 kiliweka mkupuo wa asilimia 33, na kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2024 serikali ilitangaza kuupandisha. Naelewa hasira ya mtu aliyepanga kujenga kwa fedha hizo. Hata hivyo, nikipewa kuchagua, nachukua pensheni ya mwezi. Mkupuo una wageni wengi.

Kwa miezi sita ya kwanza usianzishe biashara ambayo hukuwahi kuifanya. Kama unataka kufuga au kufungua duka, anza ukiwa na miaka 52, kwa kiwango kidogo, wakati mshahara bado unasamehe makosa.

Hatua ya 7: Chagua tarehe

Sasa rudi kwenye karatasi. Una namba tatu, pengo, miezi ya michango, umri wa kulingana na bajeti iliyojaribiwa. Kinachobaki hakipimwi kwa namba.

Kazi ya mwili na kazi ya kiti haziishi wakati mmoja. Mwashi mwenye mgongo uliochoka akiwa na 57 hapaswi kupimwa kwa kipimo cha mhariri wa 70. Kama kazi yako inakula mwili, hamia mapema kwenye kusimamia, kufundisha au kukagua, kabla daktari hajakuamulia. Ukiwa na afya na bado unaipenda kazi, jiulize kama ni kazi unayoipenda au ni kiti. Kiswahili kina neno kung'atuka, lililoenea Mwalimu Nyerere alipoachia urais mwaka 1985, na maana yake ni kuondoka kwa hiari ukiwa bado ungeweza kukaa. Kustaafu ni jambo jingine kidogo. Mtu anaweza kustaafishwa asing'atuke kamwe, akawa anapita ofisini kila Jumatatu kusalimia.

Pasipo na haja ya kukata ghafla, punguza. Omba siku nne, halafu tatu. Norwei inaruhusu wengi kuanza kuchukua pensheni tangu miaka 62 hivi, yote au sehemu, huku wakiendelea na kazi. Singapore humlazimu mwajiri kumpa kazi tena mfanyakazi mwenye sifa baada ya umri wa kustaafu. Hata pasipo na sheria kama hizo, mwajiri anayeogopa kupoteza ujuzi wako hukubali mkataba wa muda ukiuomba mwaka mmoja kabla.

Zungumza na mwenza wako kuhusu Jumanne ya kawaida, saa nne asubuhi, wote wawili mkiwa nyumbani. Wengi wamepanga fedha vizuri wakasahau kwamba nyumba ilikuwa na utaratibu wake wakati wao hawapo.

Hatua ya 8: Peleka faili

Miezi 12 kabla ya tarehe, andika barua ya kusudio na uhifadhi nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Miezi sita kabla, kamilisha fomu za mafao, vyeti vya kuzaliwa vya wategemezi, cheti cha ndoa, na majina ya warithi. Majina hayo yaangalie upya: si ajabu kukuta fomu ya mwaka 1994 bado inamtaja aliyekwisha kufariki. Weka akiba ya matumizi ya miezi sita, maana malipo ya kwanza huchelewa hata pale kila kitu kilipo sawa.

Ukishaanza kulipwa, uliza uhakiki wa wastaafu hufanyika lini na kwa njia gani. Asiyejitokeza kuthibitisha kuwa yu hai husimamishiwa malipo, na kuyafufua huchukua safari nyingi kuliko kufariki kwenyewe.